Picha ya hopitali ikisafishwa na ordinatere: kinachoongezeka na kinachoweza kupotea

Kwa familia ya Kabambare yenye iko na mutoto mwenye kichwa kinavimba, kupata picha ya ndani ya kichwa ni safari ndefu na ya pesa nyingi. Ndiyo maana habari ya mashini ndogo za kupiga picha, na ya programu zenye kusafisha picha mbaya, inagusa watu wa huku pia. Lakini kuna jambo moja la kuelewa mbele ya kushangilia.

Ugonjwa wenyewe watu wanauita maji ndani ya kichwa. Kila mutu ana maji kidogo yenye kuzunguka ubongo. Yakikosa njia ya kutoka, yanajaa, na kichwa cha mutoto muchanga kinapanuka kwa sababu mifupa yake haijafungana bado. Afrika ya Mashariki, mara nyingi inaanza kisha mutoto kupata maambukizi makali akiwa bado mudogo sana. Daktari mupasuaji anaweza kuweka mupira mwembamba wa kushusha maji mpaka tumboni, ao kufungua njia mpya ya maji ndani ya ubongo bila kuacha mupira. Hii njia ya pili ilijulikana sana kupitia hopitali ya CURE ya Mbale, mashariki ya Uganda, kwa kazi ya daktari Mumarekani Benjamin Warf.

Mbele ya kupasua, daktari anataka kujua maji iko wapi, ubongo umebakia upande gani, na kama kuna kuta ndogo zenye kugawa maji hayo katika vyumba. Vitu hivyo vinaonekana kwa skaneri ao kwa IRM. Skaneri inatumia miali, na kwa mutoto muchanga si kitu cha kurudilia ovyo. IRM haina miali, lakini ile ya kawaida inataka sumaku kubwa sana yenye kupozwa, chumba chake maalumu na umeme usiokatika. Nani wa Kabambare hajui habari ya umeme?

Mwaka 2022, kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, huko Uganda, wataalamu wa pale pamoja na wenzao wa Uholanzi na Marekani waliunganisha IRM ndogo. Kazi ilichukua siku 11. Ndani yake kuna sumaku ndogondogo nyingi zilizopangwa kwa muviringo. Nguvu yake ni karibu tesla 0.05, wakati IRM ya hopitali kubwa huwa na tesla 1.5, ni kusema mara 30 zaidi. Hapo ndipo shida inatokea: sumaku dhaifu inaleta picha yenye ukungu.

Hapa ndipo ordinatere inaitwa kusaidia. Programu inaonyeshwa picha nyingi sana, mbili mbili: moja mbaya, moja nzuri ya kitu kile kile. Polepole inajifunza namna mbaya inavyogeuka kuwa nzuri. Kisha inapewa picha mbaya peke yake, nayo inajaza penye pamekosekana.

Ni kama mutu anayesikiliza mupira wa Maniema Union kwa radiyo yenye kukwaruza. Maneno mengine hayasikiki, lakini kwa sababu amezoea sauti ya mutangazaji, anayajaza mwenyewe kichwani. Mara nyingi anapata sawa. Siku moja anaruka kushangilia goli lenye halikuingia.

Watafiti waliangalia jambo hilo hilo juu ya watoto wenye maji kichwani, na matokeo yalitoka mwaka 2021. Walichukua picha za skaneri, wakaziharibu kwa makusudi kwa ngazi mbalimbali, nyingine wakazisafisha na programu, kisha wakauliza madaktari wenye uzoefu wa ugonjwa huo kama zinatosha kwa kupanga matibabu. Picha zilizosafishwa ziliwapendeza zaidi. Lakini nyingine zilikuwa na makosa ya umbo, vitu vyenye havikulingana na kichwa cha mutoto. Na picha zenye ukungu, zisizoguswa, mara nyingi zilitosha kwa kupanga matibabu.

Hilo la mwisho halisemwi sana wakati watu wanasifu akili ya mashini. Kwa maji kichwani, ukuta wa uongo ndani ya picha unaweza kubadilisha namna ya kupasua. Ukungu, kwa upande wake, unaonekana na kila mutu. Daktari anajua kwamba pale haoni vizuri, na anaweza kuomba kipimo kingine. Kosa lililopakwa rangi nzuri halimuonyi.

Programu hizi si za kutupa. Kinachotakiwa ni daktari apate picha zote mbili, ya kwanza na iliyosafishwa, na programu iwe imejifunza kwa vichwa vya watoto wagonjwa, si vya wazima tu.

Kwa familia, jambo linaanza na telefone. Ukipiga filimu ya hopitali picha ili kuituma kwa daktari wa mbali kwa WhatsApp, iweke mbele ya mwanga, itume ilivyo, bila kutumia programu ya kurembesha picha. Filimu yenyewe usiitupe, beba nayo safarini. Na ukipewa picha yenye kungaa sana, muulize muganga kama ndivyo ilivyotoka kwa mashini, ao kama ilisafishwa kwanza.