BUNDUKI NYUMBANI NA MAFUNZO YA WATOTO

Wahenga walisema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Maana yake ni kwamba mtoto asiyesikia makatazo na aachwe aonje ubaya wa kitu mwenyewe, ndipo atakapokoma. Mithali hiyo yafaa kwa wembe, kwa kuwa wembe hukata kidole, na kidole hupona. Kwa bunduki haifai hata kidogo. Mtoto aliyejifunza ubaya wa bunduki kwa kuijaribu huenda asipate siku ya pili ya kuyatumia mafunzo hayo. Na mara nyingi anayelipa si yeye, bali ni ndugu yake aliyesimama mbele ya mtutu.

Twawaandikia wasomaji wetu wa Matai, na wa vijiji vyote vya Ufipa hata Kasanga ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, ili tulitazame jambo hili pamoja.

Bunduki si kitu kigeni barani. Zamani za misafara ya watu wa pwani na ya Wanyamwezi, bunduki na baruti zilienea pamoja na biashara ya pembe. Mwaka 1890 mataifa yalipatana mjini Brussels kuzuia bunduki za kisasa zisiingizwe ovyo katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini zile za kale zilikuwa zimekwisha kuenea, na mafundi wa vijijini wakajifunza kuzitengeneza. Ndiyo sababu hata leo gobori laonekana katika nyumba za wakulima na wawindaji. Ngiri na nyani wanapoharibu mahindi, mwenye shamba hulichukua akalinde.

Hatari huanza anaporudi. Gobori hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu: kwanza baruti, kisha kitambaa cha kuzibia, kisha marisau au vipande vya chuma, na vyote hugandamizwa kwa mdeki. Likiisha kushindiliwa si kazi rahisi kuyatoa yaliyomo, nayo baruti ni mali. Basi mwenyewe, ikiwa hakuona mnyama, hulirudisha vivyo hivyo na kulisimamisha nyuma ya mlango au kulichomeka katika paa la nyasi. Hata mtu mzima hawezi kujua kwa kulitazama tu kama limeshindiliwa au ni tupu, mtoto atajuaje?

Wazazi wengi hujibu, "Mimi nimekwisha kumkanya mwanangu, naye ananiogopa." Twawaheshimu kwa malezi yao, lakini maneno peke yake hayatoshi, na jambo hili limepimwa. Mwaka 2001 madaktari wa Atlanta, Marekani, walitoa habari za wavulana 64 wa miaka 8 hata 12. Waliwekwa wawili wawili au watatu watatu chumbani, ambamo bastola ya kweli isiyo na risasi ilikuwa imefichwa katika mtoto wa meza. Wavulana 48 waliiona, 30 wakaishika, na 16 wakavuta kifyatulio. Katika wale walioishika au kuifyatua, zaidi ya 9 katika kila 10 walikuwa wamekwisha kufundishwa habari za hatari ya bunduki. Wengine hawakujua kama ni ya kweli au ya kuchezea. Hao hawakuwa watoto wabaya. Walikuwa watoto tu, na mtoto akiona kitu kilichofichwa hutaka kukijua, hasa akiwa pamoja na wenzake.

Basi yapasa kazi ya kwanza iwe ya mwenye bunduki mwenyewe. Kwanza, asiingie nayo nyumbani ikiwa imeshindiliwa au ina risasi. Pili, aifungie kwa kufuli katika sanduku au kabati imara, na ufunguo akae nao yeye. Juu ya paa si mahali pa kufungia, maana mtoto apandaye mwembe hashindwi kufika huko. Tatu, risasi, baruti na fataki ziwekwe mbali na bunduki, nazo zifungiwe kwa kufuli yake. Nne, baruti iliyoota unyevu wakati wa masika isianikwe kamwe karibu na jiko. Cheche moja yatosha kuiteketeza nyumba na waliomo.

Hayo yakiisha kutimizwa, ndipo mafunzo ya mtoto yatakapofaa. Na ayashike mambo manne: ukiona bunduki au risasi, simama, usiiguse, ondoka mahali hapo, kamwambie mtu mzima. Ayajue kwa bunduki ya nyumbani, kwa ya jirani, na kwa risasi aliyoiokota porini akichunga mbuzi, ambayo asiitupe motoni kusikia mlio wake. Tena asikubali kukaa na mwenziwe aliyeshika bunduki, hata akiambiwa ya kuwa ni tupu. Kila bunduki na ahesabiwe kuwa inaua.

Mafunzo haya hayawi kwa fimbo. Mtoto anayeogopa kupigwa ataficha alichokiona, na siri hiyo ndiyo iuayo. Afadhali mzazi amwulize mara kwa mara, "Ukiikuta bunduki kwa rafiki yako, utafanyaje?" na amwache ajibu kwa maneno yake. Siku atakapokuja kusema, asifiwe mbele ya nduguze. Mama naye asione haya kumwuliza jirani, kabla ya kumpeleka mtoto kulala huko, kama mna bunduki nyumbani na imefungiwa wapi. Swali hilo si tusi.

Tena tusisahau sheria. Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1991, yamtaka kila mwenye silaha awe na kibali. Gobori la urithi lisilo na kibali halihalalishwi na uzee wake. Katika mwaka 2023 Serikali ilitangaza muda wa watu kuzisalimisha kwa hiari silaha zisizo halali. Mwenye kitu cha namna hiyo asikizike shambani wala asikitupe kichakani, maana mtoto ndiye atakayekiokota. Na atake shauri kwa viongozi wa kijiji chake na polisi.

Ewe baba mwenye bunduki, usingoje kesho. Usiku huu, kabla hujalala, itazame ilipo. Ikiwa mtoto wako mdogo aweza kuifikia, haijawekwa bado.