Madaraka Bila Daraka

Hivi majuzi niliwaomba wanafunzi wangu watunge sentensi wakitumia neno madaraka. Takriban wote waliliandamanisha na vitenzi vya vita na ulevi: kunyakua madaraka, kung'ang'ania madaraka, kupokonywa madaraka, kulewa madaraka. Nilipowaambia waziandike sentensi hizo katika umoja, darasa zima lilinyamaza. Mmoja alijasiri kusema kwamba neno hilo halina umoja.

Umoja upo, nao ni daraka. Hii ni nomino ya ngeli ya LI-YA, yenye asili ya Kiarabu, na kamusi ya Frederick Johnson iliyochapishwa 1939 inaifafanua kwa maana ya wajibu na dhima. Mjomba aliyetwaa daraka la arusi ya mpwawe hakuwa amepata cheo. Alikuwa amejitwika shughuli: kutafuta mchele, kuwapokea wageni, na kubeba lawama endapo chakula kingepungua.

Ni kwa maana hiyo ndipo tunapoweza kuielewa barabara Juni 1, 1963. Siku hiyo Kenya ilipata serikali ya ndani chini ya Waziri Mkuu Jomo Kenyatta, ilhali ulinzi na mambo ya nchi za nje yalibaki mikononi mwa gavana. Uhuru kamili ulikuja Desemba 12 mwaka huo huo. Kwa hiyo tulikabidhiwa madaraka kabla ya uhuru; yaani, tulitakiwa kwanza kuitikia wajibu wa kuendesha mambo yetu wenyewe.

Je, ni nini kilicholipata neno hili baadaye? Umoja wake ulififia katika matumizi, na wingi ukabaki peke yake ukiwa na maana ya nguvu na ukubwa. Vitenzi navyo vikabadilika. Wajibu hubebwa na hutekelezwa. Hakuna anayeunyakua wala kuung'ang'ania. Kitu kinachonyakuliwa ni ngawira.

Wanaisimu wenzangu watanikumbusha kwamba maana ya neno huamuliwa na wasemaji wake, wala haifungwi na asili yake. Nakubaliana nao. Siwezi kumsahihisha mwanafunzi anayeandika "uroho wa madaraka," kwa kuwa hayo ndiyo anayoyasikia kila siku, na uroho wenyewe anauona. Hata hivyo, lugha inapopoteza neno la wajibu na kubaki na la ukubwa tu, mwananchi hupungukiwa na neno la kumdai kiongozi wake.

Katiba ya 2010 imejaribu kuyatenganisha mambo haya mawili. Kifungu cha 73 kinaeleza kwamba mamlaka aliyopewa afisa wa serikali ni amana ya umma, na kwamba humpa jukumu la kuwatumikia wananchi, si nguvu za kuwatawala. Mjomba yule wa arusini asingeona jambo geni hapo. Kwake, huo ulikuwa ufafanuzi wa neno daraka.

Walimu wanaielewa maana hii pengine kuliko watu wengine. Mwalimu wa zamu hufika shuleni mapema kuliko wenziwe, husimamia gwaride, hukagua madarasa, na lolote likienda mrama huulizwa yeye. Juma likiisha, humkabidhi mwenzake zamu bila kushurutishwa na mtu.

Basi, walimu wenzangu, mnapofundisha umoja na wingi, msiliruke neno hili. Mwanafunzi aandike: daraka hili ni langu; madaraka haya ni yetu. Kisha aulizwe: ukichaguliwa kiranja kesho, daraka lako litakuwa lipi, na ni nani atakayekuuliza usipolitekeleza? Akiweza kulijibu swali hilo, atakuwa amejifunza zaidi ya ngeli.