Kamba ya Nailoni Haihitaji Oili: Fahamu Matunzo Sahihi ya Kamba za Vyombo vya Tanga

Na Mwandishi Wetu

Kila alfajiri katika mwambao wa Tanzania, kuanzia Tanga, Pangani na Bagamoyo hadi Mafia, Kilwa na Mtwara, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba, wavuvi na wachukuzi hutweka matanga na kuelekea baharini. Usalama wao hutegemea uimara wa mbao, ujuzi wa nahodha na hali ya hewa. Hata hivyo, kipo kifaa kimoja ambacho hubeba mzigo wote wa upepo na mawimbi, lakini mara nyingi hukumbukwa siku kinapokatika. Kifaa hicho ni kamba.

Jarari ikikatika wakati wa upepo mkali, foromali na tanga lake huporomoka juu ya watu waliokaa chini yake. Demani ikikatika, tanga hubaki likipigapiga na nahodha hupoteza uwezo wa kukiongoza chombo. Amari ikikatika usiku, chombo husukumwa na mkondo hadi mwambani ilhali mabaharia wamelala. Katika hali zote tatu, tofauti kati ya safari salama na msiba huweza kuwa ndoo moja ya maji baridi na nusu saa ya ukaguzi.

Makala haya yanaeleza namna ya kuzitunza kamba za nyuzi za kiwandani, na kwa nini baadhi ya desturi zilizofaa kwa kamba za zamani haziwafai tena mabaharia wa leo.

Kutoka makumbi na mkonge hadi nailoni

Kwa karne nyingi vyombo vya mwambao vilifungwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Baadaye zilikuja kamba za mkonge, zao lililoingizwa nchini mwaka 1893 na kulipatia jina kubwa eneo la Tanga. Kamba hizo hutokana na mimea. Zikikaa na unyevu huweza kuoza, na zikikauka kupita kiasi nyuzi zake huvunjika. Kwa sababu hiyo, katika nchi nyingi mabaharia wa zamani walizoea kuzipaka mafuta au lami ili kuzuia maji na kuzilainisha.

Leo kamba nyingi zinazouzwa madukani ni za nyuzi za kiwandani. Wengi huziita kwa jumla kamba za manila, ingawa manila halisi ni kamba ya nyuzi za mmea unaolimwa Ufilipino. Nyuzi za kiwandani haziozi kwa maji, hivyo sababu ya kwanza ya kuzipaka mafuta haipo tena. Aidha, nyuzi hizi hutoka kiwandani zikiwa na kilainishi chepesi kilichokwisha kupakwa juu yake, ambacho hupunguza msuguano kati ya uzi na uzi. Kazi ya mwenye chombo ni kukilinda kilainishi hicho, si kukifunika kwa grisi.

Tambua aina ya kamba yako

Aina tatu ndizo zinazotumika zaidi, na kila moja ina tabia yake.

Nailoni ni imara na hunyumbuka sana. Sifa hiyo huifanya ifae kwa amari na kamba za kufungia gatini, kwa kuwa humeza mshtuko wa mawimbi. Hata hivyo, nailoni hunywa maji, na ikilowa hupungukiwa na nguvu kwa takriban asilimia 10 hadi 15. Anayeichagua hana budi kulizingatia hilo.

Poliesta hainyumbuki sana, haipotezi nguvu inapolowa na huvumilia jua vizuri. Hiyo ndiyo inayofaa zaidi kwa jarari na demani, mahali ambapo kamba inayovutika hulifanya tanga lilegee.

Polipropilini ni nyepesi, ya bei nafuu na huelea. Hufaa kwa maboya na kamba za kurushia aliyeanguka majini. Udhaifu wake ni jua: isipowekewa kinga kiwandani, mionzi huidhoofisha ndani ya miezi kadhaa hata kama haijafanya kazi nzito.

Ili kuzitofautisha, kata kipande kidogo, kikamue ndani ya ndoo ya maji baridi ili hewa itoke, kisha kiache. Polipropilini itaelea, nailoni na poliesta zitazama. Kati ya hizo mbili, inayovutika zaidi ukiikaza ni nailoni.

Kwa nini oili chafu ni adui

Iko desturi katika baadhi ya bandari ndogo ya kuipaka kamba iliyokakamaa oili chafu ya injini kwa lengo la kuilainisha. Kamba hulainika kwa siku chache, lakini madhara yake ni makubwa kuliko faida.

Kwanza, oili hunasa mchanga. Chembe hizo huingia katikati ya nyuzi, na kila kamba inapokazwa hukata nyuzi kutoka ndani kama msasa. Kwa nje kamba huonekana nzima, kumbe moyo wake umekwisha kulika. Pili, oili iliyokwisha kutumika ina masizi, chembe za chuma na mabaki yenye asidi. Tatu, polipropilini haipatani na mafuta ya petroli na dizeli, ambayo huweza kuivimbisha na kuilegeza. Nne, kamba yenye oili huteleza mkononi, na baharia asiyeweza kuishika jarari vizuri yumo hatarini yeye na wenzake.

Vivyo hivyo, sifa na deheni ni matunzo ya mbao, si ya kamba. Mafundi wanapokipaka chombo deheni, kamba ziondolewe kwanza, kwa sababu alkali kali, chokaa ikiwemo, huidhuru poliesta. Nailoni nayo hudhurika kwa asidi. Kwa hiyo isihifadhiwe karibu na betri ya injini au ya taa.

Maji baridi ndiyo dawa ya kwanza

Mara nyingi ukakamavu wa kamba hutokana na chumvi. Maji ya bahari yanapokauka, chumvi hubaki ndani kwa umbo la chembe ngumu zenye ncha. Hatua zifuatazo zinashauriwa:

1. Loweka kamba katika maji baridi yasiyo ya chumvi kwa saa chache, kisha badilisha maji hadi yasiwe na ladha ya chumvi.

2. Kama ina uchafu, tumia sabuni ya kawaida isiyo kali. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo wala maji yanayochemka. Sabuni kali huondoa kilainishi cha kiwandani.

3. Suuza vizuri. Kama kamba bado ni ngumu, weka katika maji ya mwisho kiasi kidogo cha kilainishi cha nguo. Hiki hufanya kazi ya kilainishi kilichopotea bila kunasa mchanga. Kisizidishwe, na pale ambapo mtengenezaji ametoa maelekezo yake, hayo ndiyo yafuatwe.

4. Anika kivulini penye upepo, juu ya kamba nyingine au ubao, si juu ya mchanga. Ikikauka, ikunje kwa mzunguko na uitundike.

Pale ambapo maji ya kisima ni adimu, mvua za masika ni fursa nzuri. Kipindi cha maleleji, kati ya Kaskazi na Kusi, ambapo vyombo vingi hupandishwa pwani kwa matengenezo, ndicho kinachofaa kwa kazi hii.

Lainisha kapi, usilainishe kamba

Kamba inayokwama wakati wa kutweka tanga mara nyingi haina kosa. Kosa liko kwenye kapi au gofia. Roda isiyozunguka huifanya kamba isuguane nayo, na msuguano huzaa joto. Polipropilini huyeyuka katika nyuzi joto takriban 165 za Selsiasi, hivyo sehemu inayosuguliwa kwa nguvu hung'aa na kuwa ngumu kama plastiki iliyoungua. Kwa sababu hiyo hiyo, kamba moja isiachwe kusuguana na nyingine mahali pamoja.

Safisha kapi kwa maji baridi, ondoa chumvi na kutu, kisha weka kilainishi kidogo kwenye mhimili wa roda pekee. Hakikisha roda ina kipenyo cha mara nane hadi kumi ya unene wa kamba. Kwa kamba ya milimita 16, roda iwe na milimita 128 hadi 160. Roda ndogo huikunja kamba kwa ukali na kufupisha maisha yake.

Ukaguzi kwa mkono na jicho

Kabla ya safari, pitisha kamba yote mkononi. Tafuta mahali palipokonda, palipokatika nyuzi, palipong'aa kwa kuungua au palipopauka na kutoa unga. Fungua kidogo msokoto utazame ndani; ukikuta vumbi la nyuzi au mchanga, jua kwamba kamba inalika kutoka ndani.

Kumbuka pia kwamba fundo hupunguza nguvu ya kamba kwa takriban theluthi moja hadi nusu. Palipo na mzigo mkubwa wa kudumu, ni bora kutengeneza kitanzi kwa kusukia nyuzi za ncha ndani ya kamba yenyewe. Ili kamba ichakae kwa usawa, igeuze mara kwa mara ncha kwa ncha. Kamba iliyokwisha kuungua au kukonda isiungwe ili iendelee kubeba foromali; ishushwe daraja ifanye kazi nyepesi. Wakati nailoni imekazwa sana, asisimame mtu kwenye mstari wake, kwa maana ikikatika hurudi kwa kasi inayoweza kuua.

Kamba mbovu isitupwe baharini

Tabia ya kutooza inayoifanya kamba hii ipendwe ndiyo pia inayoifanya idumu baharini kwa miaka mingi, ikinasa kasa, samaki na panga za injini. Kiambatisho cha Tano cha Mkataba wa Kimataifa wa MARPOL, kilichoanza kutumika tarehe 31 Desemba, 1988, kinakataza vyombo kutupa baharini plastiki ya aina yoyote, zikiwemo kamba za nyuzi za kiwandani. Vipande vyote virejeshwe nchi kavu.

Wito kwa wamiliki na manahodha

Usimamizi wa usalama wa vyombo uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) kwa upande wa Tanzania Bara, na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini Zanzibar (ZMA) kwa upande wa Zanzibar. Hata hivyo, mkaguzi hawezi kuwapo kila alfajiri kila pwani. Mwenye jukumu la kwanza ni nahodha. Pamoja na kufuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) na kuhakikisha kila aliyemo chomboni ana jaketi okozi, wamiliki wanahimizwa kuiacha oili chafu, kuziosha kamba kwa maji baridi na kuzibadilisha kabla hazijakatika. Bei ya kamba mpya hulipwa mara moja. Maisha ya baharia hayana mbadala.