Mtoto Kwenye Bodaboda: Tufanye Nini Afike Salama?



Siku hizi katika vijiji vyetu pikipiki ndiyo gari la kila mtu. Hupeleka mama mjamzito hospitali usiku, hupeleka maziwa, na asubuhi hupeleka watoto shuleni. Hatuwezi kusema watu waache kuipanda, kwani mahali pengi matatu hazifiki. Lakini hebu tuangalie vile tunavyowapakia watoto wetu. Mmoja juu ya tangi, mbele ya mwendeshaji. Watatu nyuma, wamebanana. Mikoba imening'inia kwenye usukani. Halafu sisi tunawapungia mkono na kurudi jikoni.

Tukisikia ajali tunasema ni vijana wa boda. Ni kweli wengine hukimbia ovyo. Lakini ni nani husema, "Wabebe wote mara moja"? Ni sisi wazazi, hapo langoni. Basi kama uamuzi ni wetu, tunaweza kuubadilisha.

KWA NINI MTOTO YUKO HATARINI

Kwanza ni mwendo. Mtu akirushwa na pikipiki inayoenda kilomita 40 kwa saa, akagonga gari au ukuta, huumia kama mtu aliyeanguka kutoka urefu wa mita 6 hivi.  Na kwa mwendo huo pikipiki hupita mita 11 kila sekunde. Mbuzi akiruka barabarani, kabla mwendeshaji hajashika breki zile mita 11 zimekwisha.

Pili ni mwili wa mtoto. Kichwa chake ni kizito kikilinganishwa na mwili, kwa hiyo akianguka mara nyingi kichwa hutangulia. Shingo yake pia bado haina nguvu.

Tatu ni mzigo. Watu wakizidi, pikipiki huyumba na breki huchelewa kuisimamisha. Mtoto wa kwenye tangi humzuia mwendeshaji kukata kona vizuri. Ikigonga, mtoto huyo hupigwa na usukani kifuani, na uzito wa mwendeshaji humjia kwa nyuma. Yule wa mwisho kabisa, aliyekalia keria, hana cha kushika ila sweta ya mwenzake.

VIPIMO VITATU

Wazazi wengi huuliza, "Mtoto wa miaka mingapi anaweza kupanda?" Miaka peke yake haitoshi, maana watoto hawalingani. Nchini Ufilipino, ambako pikipiki ni nyingi sana, mwaka 2015 walitunga sheria ya usalama wa watoto kwenye pikipiki. Kwenye barabara zenye magari mengi au mwendo wa kasi, mtoto hapandi mpaka atimize mambo matatu. Sisi pia tunaweza kuyatumia:

1. Miguu. Akiwa ameketi, nyayo zake zifike kwenye vikanyagio na zikae imara. Miguu inayoning'inia huingia kwenye spoki au kuungua kwenye bomba la moshi.

2. Mikono. Aweze kumzunguka mwendeshaji kiunoni na kumshika sawasawa. Mtoto anayesinzia hashiki. Basi asipakiwe.

3. Helmeti. Awe na helmeti ya pikipiki inayomtosha. Ile ya mtu mzima humfunika macho, na akianguka huchomoka. Mfunge kamba, kisha mwambie atikise kichwa. Ikicheza, si saizi yake. Tafuta alama ya Shirika la Viwango la Kenya, yaani KEBS. Helmeti ya mjengo haifai, na ile iliyowahi kugongwa kwa nguvu ibadilishwe.

Helmeti nzuri iliyofungwa hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa kama asilimia 40, na ya kuumia kichwa kwa kama asilimia 70. Ikiwa imetundikwa kwenye usukani haisaidii mtu.

Mtoto akishindwa na kipimo kimoja tu, bado hajafika wakati wa kupanda.

SHERIA YETU INASEMAJE

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inaruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki ya magurudumu mawili. Abiria huyo akae kwa kutanua miguu, kwenye kiti kilichofungwa imara nyuma ya mwendeshaji. Wote wawili wavae helmeti na koti linalong'aa. Hakuna mahali sheria inasema watoto watatu ni sawa na mtu mzima mmoja.

Na mama aliyebeba mtoto mchanga? Mtoto mchanga naye ni mtu. Hakuna helmeti ya kumfaa, na akiwa mgongoni, pikipiki ikianguka kinyumenyume yeye ndiye wa kwanza kugonga chini. Kwa kliniki ya kawaida ni afadhali kutembea au kungoja matatu. Mwulize mhamasishaji wa afya wa kijiji kama kuna siku wauguzi wanakuja karibu. Ikiwa ni ugonjwa wa ghafla na hakuna njia nyingine, nendeni polepole, na ncha za leso zifungwe zisifikie cheni wala gurudumu.

LAKINI PESA ZITATOKA WAPI?

Hapa ndipo penye shida. Tuseme watoto wanne wakipakiwa pamoja kila mzazi hulipa shilingi 20, jumla 80. Wakienda mmoja mmoja kwa shilingi 50, jumla ni 200. Hiyo tofauti ya 120 kila asubuhi si kidogo kwa mtu wa kibarua. Mzazi mmoja hawezi, lakini kikundi kinaweza kujaribu hivi:

Kutembea pamoja. Watoto wa karibu waende kwa miguu wakiwa kundi moja, na wazazi wawasindikize kwa zamu. Mwanakikundi akiwa na zamu moja kwa wiki, si mzigo. Boda iachiwe wale wa mbali na wenye ulemavu.

Kuchanga helmeti. Wanachama 20 wakitoa shilingi 50 kila wiki, kwa wiki nne kuna shilingi 4,000. Nunueni za saizi mbalimbali. Mtoto akikua, yake ipewe mdogo, ikiwa bado ni nzima.

Kupatana na steji. Kaeni na mwenyekiti wa steji, mchague mwendeshaji mwenye leseni na bima ambayo haijaisha. Andikeni mapatano: mtoto mmoja kila safari, si zaidi ya kilomita 30 kwa saa, hakuna simu wala pombe. Mlipeni kwa wiki. Akijua pesa yake iko, hana haja ya kukimbilia mteja mwingine. Na sisi tuwatoe watoto mapema ili tusimwambie, "Kimbia, wamechelewa!"

Pikipiki nyingi zetu zina bomba la moshi upande wa kulia. Mfundishe mtoto kupanda na kushuka upande wa kushoto.

MTOTO AKIUMIA

Akiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Akigonga kichwa kisha atapike, asinzie kupita kawaida au aongee mambo yasiyoeleweka, apelekwe hospitali mara moja hata kama hakuna kidonda. Damu inaweza kuvuja ndani bila kuonekana nje.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Asubuhi ya jana, watoto wa kikundi chetu walikwenda shuleni kwa njia gani? Wangapi kwenye pikipiki moja?
2. Kwa nini tunawapakia wengi? Je, ni pesa, ni kuchelewa, au ni mazoea?
3. Ni watoto gani hawatimizi vile vipimo vitatu? Watafikaje shuleni kuanzia Jumatatu?
4. Nani ataongea na mwenyekiti wa steji, na lini?

Msifunge mkutano kabla swali la nne halijapata jina la mtu na tarehe.