Gesi ya Kilwa, anwani ya Jersey

Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na mwaka 2004 ikaanza kufua umeme Ubungo, Dar es Salaam. PanAfrican Energy Tanzania, iliyopewa kuiendeleza kwa mkataba wa Oktoba 2001, imesajiliwa Jersey. Kampuni mama, Orca, imesajiliwa Visiwa vya Virgin vya Uingereza na hisa zake zikauzwa sokoni Kanada. Mtu wa pwani akizisikia anwani hizo huuliza kodi yetu inakwenda wapi. Ana haki ya kuuliza.

Kusajiliwa nje peke yake hakuiondolei kampuni kodi ya hapa. Faida iliyopatikana Tanzania hutozwa asilimia 30, mwenye mali aishi atakako. Ubishi huwa kwenye kiasi cha faida yenyewe. Tuchukue kampuni ya mfano tu, inayoilipa kampuni ndugu ya ng'ambo shilingi milioni 20 za riba na milioni 15 za ada ya usimamizi. Faida yake hapa imepungua milioni 35, na kodi milioni 10.5. Serikali inabaki na kodi ya zuio: asilimia 10 ya riba na 15 ya ada, jumla milioni 4.25. Tofauti hiyo ndiyo inayowalipa washauri wa kodi mishahara mizuri. Sheria inaibana kwa njia mbili: malipo kati ya kampuni ndugu yawe ya bei ambayo watu wasiohusiana wangekubaliana, na riba ikubalike kwa deni lisilozidi uwiano wa saba kwa tatu ya mtaji.

Ndiyo maana ushuru wa huduma wa halmashauri, japo kiwango chake ni kidogo, una thamani kubwa kuliko unavyoonekana. Unatozwa kwenye mauzo, na mauzo hayapunguzwi na riba.

Lakini kwa Songo Songo, jambo zito zaidi limo ndani ya mkataba. Kodi ya mapato ambayo PanAfrican inalipa hufidiwa kwa kurekebisha mgawo wa TPDC, shirika la umma la petroli, katika gesi ya faida, yaani inayobaki gharama zikisharudishwa. Mgawo wa shirika hilo unapungua kwa kadiri hiyo. Hakuna siri hapo, Orca yenyewe imeliandika katika ripoti zake za mwaka. Kwa maoni yangu kifungu hicho kilistahili mjadala mkali kuliko Jersey.

Somo la kwamba kusajiliwa nje hakuondoi kodi linamhusu pia mfanyabiashara wa ufuta wa Kilwa Masoko anayetaka kufungua kampuni Dubai. Tangu Juni 2023 Falme za Kiarabu zinatoza faida inayozidi dirham 375,000 kwa asilimia 9, naye, akilinganisha na 30 za hapa, anaona 21 zimebaki mfukoni. Hazijabaki. Kampuni ambayo uongozi na maamuzi yake yanafanyika Tanzania, sheria inaihesabu mkazi wa Tanzania, na mkazi hutozwa kwa mapato ya dunia nzima. Kodi aliyolipa kule hupunguzwa kwenye ya hapa, iliyobaki anadaiwa. Kabla ya kulipia usajili aamue ni nani, akiwa Dubai, atakayepanga bei na kusaini mikataba, na mihutasari ya vikao ihifadhiwe. Kama kila kontena litaamuliwa kwa simu kutoka Masoko, atakuwa amejinunulia kodi ya pango na ritani mbili za kujaza.