Je, Wajua? Mkwaju wa Mtoto wa Kakuma

Penalti ya mwisho ya Australia, iliyoipeleka Kombe la Dunia la 2022, ilipigwa na kijana aliyezaliwa Turkana!

• Anaitwa Awer Mabil, winga. Alizaliwa mwaka 1995 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kilomita 120 hivi kutoka Lodwar. Wazazi wake walikimbia vita Sudan. Utotoni alicheza peku, kwa mpira wa soksi zilizoviringishwa.

• Akiwa na miaka 10, familia yake ilihamia Australia. Oktoba 15, 2018, aliichezea nchi hiyo mara ya kwanza, dhidi ya Kuwait. Alitokea benchi, akafunga. Siku hiyohiyo rafiki yake Thomas Deng, mzaliwa wa Nairobi, naye alicheza mechi yake ya kwanza ya taifa.

• Juni 13, 2022, Qatar. Australia na Peru, dakika 120 bila bao. Mabil akapiga mkwaju wa sita. Nyavu zikatikisika. Kipa Andrew Redmayne akaupangua mkwaju uliofuata wa Peru. Penalti 5–4!

• Kwao hajapasahau. Yeye na ndugu yake walianzisha shirika la Barefoot to Boots, linalopeleka viatu vya mpira Kakuma. Mwaka 2023 Australia ilimtunuku tuzo ya Kijana Bora wa Mwaka. Aliyecheza peku, leo anawavisha wenzake viatu.