KUHAMIA MJI WA KALE: FAMILIA ZA ASKARI KATIKA RICHMOND, UINGEREZA

Maisha ya askari ni maisha ya uhamisho. Mwaka huu yuko kambi hii, mwakani yuko nyingine. Na kila amri ya kuhama inapofika, mama wa nyumba ndiye afungaye masanduku, atafutaye shule ya watoto na ajifunzaye upya njia ya kwenda sokoni. Jambo hili halibagui taifa. Katika nchi ya Uingereza pia familia za wanajeshi huhamahama, na siku ya kustaafu ikaribiapo hukabiliwa na swali lile lile ambalo wasomaji wengi wa ukurasa huu wanalijua: nyumba ya serikali ikisharudishwa, familia itakaa wapi?

Kaskazini mwa nchi hiyo, katika mkoa wa North Yorkshire, upo mji mdogo uitwao Richmond. Kilomita zipatazo 5 tu kutoka hapo ipo Catterick, mojawapo ya kambi kubwa kuliko zote za Jeshi la Uingereza, ambamo askari wa miguu hupewa mafunzo yao ya kwanza. Kwa hiyo si ajabu kwamba familia nyingi za askari huutazama mji huu na kujiuliza kama wanaweza kuufanya kwao. Majibu wanayoyapata yana mafunzo kwa yeyote anayefikiria kuhamia mji wa kale, popote ulipo.

MJI ULIOZALIWA NA NGOME

Richmond umejengwa juu ya kilima, kando ya mto Swale. Katika sensa ya mwaka 2011 wakazi wake walikuwa wapatao 8,400 tu, lakini umri wake unakaribia miaka elfu moja. Wanormani walipokwisha kuiteka Uingereza mwaka 1066, mfalme William aliwagawia ardhi mabwana waliompigania. Mmoja wao, Alan Rufus wa Brittany, alianza kujenga ngome mahali hapo katika miaka ya 1070. Hata jina la mji ni la Kifaransa cha kale, na maana yake ni kilima chenye nguvu. Katika karne ya kumi na mbili uliongezwa mnara wa mawe wenye kimo cha mita 30 hivi, nao ungali umesimama, ukionekana kutoka mbali.

Jina hilo limesafiri kuliko wenyeji wake. Mfalme Henry wa Saba, ambaye kabla ya kutawala alikuwa na cheo cha Bwana wa Richmond, aliliita kwa jina hilo kasri lake lililokuwa karibu na London. Kutoka huko London jina likavuka bahari hadi Virginia, Marekani.

Katikati ya mji upo uwanja mpana wa soko uliosakafiwa kwa mawe, ambamo wachuuzi huweka meza zao kila Jumamosi. Ndani ya uwanja huo limesimama kanisa la kale ambalo tangu mwaka 1973 ni nyumba ya makumbusho ya kikosi cha Green Howards. Kikosi hicho kiliundwa mwaka 1688, na mwaka 2006 kiliunganishwa na vingine kuwa kikosi kimoja cha Yorkshire. Hatua chache kutoka hapo lipo jumba dogo la michezo ya kuigiza lililojengwa mwaka 1788, likafungwa mwaka 1848, kisha likafunguliwa tena mwaka 1963.

Upo pia uzi mmoja unaouunganisha mji huu na Afrika Mashariki. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliishi katika ngome ya Richmond kati ya mwaka 1908 na 1910 alipokuwa akiongoza majeshi ya akiba ya eneo hilo, naye ndiye aliyependekeza Catterick iwe kambi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, kambi ikajengwa. Mzee huyo alifariki mwaka 1941 na kuzikwa Nyeri, Kenya, ambako kaburi lake hutembelewa na maskauti hadi leo.

Mji huo hauwakumbuki wapiganaji peke yao. Mwaka 1916 walifungwa katika ngome hiyo watu 16 waliokataa kushika silaha kwa sababu ya imani na dhamiri zao. Walipelekwa Ufaransa, wakahukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi, kisha adhabu ikapunguzwa kuwa miaka 10 ya kazi ngumu. Walifunguliwa mwaka 1919. Maandishi na michoro ya wafungwa yamebaki kutani mwa vyumba vya ngome, na yanahifadhiwa kwa uangalifu kama bendera za vikosi zilivyohifadhiwa kule sokoni.

NYUMBA SI MALI YA MWENYEWE PEKE YAKE

Anayefika Richmond kwa mara ya kwanza huvutiwa na nyumba zake za mawe, vichochoro vyake na madirisha yake marefu. Lakini yapasa kufahamu mapema kwamba huko Uingereza mwenye nyumba ya kale hana ruhusa ya kuifanyia apendavyo.

Serikali huweka orodha ya majengo yenye thamani ya kihistoria. Karibu kila jengo la kabla ya mwaka 1700 lililobaki katika hali inayofanana na ya asili huingizwa humo, na mengi ya kati ya mwaka 1700 na 1850. Majengo hayo yamo katika madaraja matatu, na zaidi ya asilimia 90 yamo katika daraja la chini. Asidhani mtu kwamba daraja la chini lina uhuru. Sheria ni ile ile kwa yote: hakuna kubomoa, kuongeza wala kubadili kitu kinachoathiri sura au asili ya jengo, nje au ndani, pasipo kibali cha halmashauri. Kuvunja sheria hiyo ni kosa la jinai, na mkosaji aweza kutozwa faini au kufungwa.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni hii. Ikiwa mwenye nyumba wa zamani alibadili madirisha bila kibali kisha akauza, halmashauri yaweza kumwamuru mnunuzi kuyarejesha yalivyokuwa, kwa gharama yake mwenyewe, hata kama miaka mingi imepita. Askari aliyeweka akiba kwa miaka ishirini aweza hivyo kulipia kosa la mtu asiyemjua. Ndiyo maana wenye busara humtaka wakili wao aulize mapema kila badiliko lilifanywa lini na kwa kibali gani.

Hali kadhalika, mitaa mizima yaweza kutangazwa kuwa eneo la hifadhi. Utaratibu huo ulianza kwa sheria ya mwaka 1967, na mji wa kwanza kutangazwa ulikuwa Stamford. Katika eneo la namna hiyo hata kukata mti ulio uani kwako huhitaji kuijulisha halmashauri kwanza.

HATUA ZA KUNUNUA

Utaratibu wa kununua nyumba nchini humo huwashangaza wageni. Mnunuzi na muuzaji wakisha kukubaliana bei, bado hakuna aliyefungwa. Kila mmoja aweza kujitoa bila fidia mpaka siku mikataba inapobadilishana mikono ya mawakili. Siku hiyo mnunuzi hutoa amana, ambayo kwa desturi ni asilimia 10 ya bei, naye akirudi nyuma baada ya hapo huipoteza.

Katika kipindi kile cha katikati ndipo huajiriwa mkaguzi wa majengo. Kwa nyumba ya kale haitoshi ukaguzi wa benki, ambao hutazama tu kama nyumba yaweza kuwa dhamana ya mkopo. Unatakiwa ukaguzi kamili wa paa, misingi, mabomba ya moshi na mbao, kwa kuwa mbao za kale huliwa na wadudu pasipo dalili kubwa nje.

Kwa wanajeshi upo msaada maalumu. Tangu mwaka 2014 askari wa Uingereza aliyetimiza masharti aweza kukopa serikalini, bila riba, hadi nusu ya mshahara wake wa mwaka, mradi isizidi pauni 25,000, ili aongeze katika amana ya nyumba. Mkopo hurejeshwa kwa muda wa miaka 10. Hata hivyo mkopo ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Familia yafaa iandike kwanza gharama zote zitakazofuata: kodi ya halmashauri, maji, umeme, bima na joto la nyumba.

BARIDI, UNYEVU NA CHOKAA

Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza Richmond yapata saa mbili na nusu asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri. Watoto huenda shule gizani na kurudi jua likizama. Mwezi wa Juni mambo hugeuka, na mchana huwa wa saa kumi na saba. Mtu aliyezaliwa karibu na Ikweta, ambako usiku na mchana ni ndugu sawa, huhitaji muda kuzoea.

Kuta za nyumba za kale ni nene, na zilijengwa kwa mawe na chokaa. Chokaa huruhusu unyevu kuingia na kutoka. Akija fundi asiyejua akaziba nyufa kwa saruji, unyevu hufungiwa ndani, jiwe huanza kumomonyoka, na kuvu hutokea ukutani. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kumtafuta fundi wa chokaa, ijapokuwa ujira wake ni mkubwa zaidi.

Mama wa nyumba naye anayo sehemu yake. Inafaa:

– kufungua madirisha kwa dakika chache kila siku, hata wakati wa baridi;
– kutoanika nguo nyingi chumbani bila kupitisha hewa;
– kufunika sufuria zinapochemka;
– kutosukuma kabati hadi liguse ukuta wa nje, ili hewa ipite nyuma yake;
– kusafishisha bomba la moshi kila mwaka kabla ya kuwasha moto;
– kutundika mapazia mazito na kuziba pengo la chini ya mlango.

SHULE NA TIBA

Mtoto wa Kiingereza hulazimika kuanza masomo baada ya kutimiza miaka mitano, lakini wengi huanza wakiwa na minne. Shule za serikali hazitozi ada. Kanuni za uandikishaji zinawafikiria watoto wa askari: familia yenye barua rasmi ya uhamisho aweza mtoto wake kupewa nafasi kabla hawajahamia. Aidha, tangu mwaka 2011 shule hupewa fedha za ziada kwa ajili ya watoto wa wanajeshi, kwani imetambuliwa kwamba mtoto anayebadilisha shule mara kwa mara hupoteza marafiki pamoja na masomo.

Kwa upande wa tiba, familia hujiandikisha kwa daktari wa mtaa bila malipo. Jambo hili lifanywe juma la kwanza, pasipo kungoja ugonjwa.

Usafiri nao ufikiriwe. Reli iliyofika Richmond mwaka 1846 iliacha kubeba abiria mwaka 1969, na stesheni yake sasa ni ukumbi wa sinema na maduka. Anayetaka treni huenda Darlington, umbali wa kilomita 20 hivi. Familia isiyo na gari hutegemea basi.

MTU NI WATU

Ugumu ulio mkubwa kuliko baridi ni upweke. Katika nyumba za kambini mke wa askari ana majirani wanaojua maana ya mume kuondoka kwa miezi sita. Mjini jirani aweza kuwa mtu mwema, lakini hajui. Atamwamkia mgeni kwa kuzungumzia mvua, kisha ataingia ndani na kufunga mlango. Huko si kumdharau mgeni, bali ndiyo desturi ya pale. Kuingia nyumbani mwa mtu bila kualikwa, jambo ambalo kwetu ni ujirani mwema, huko huonekana ni kukosa adabu.

Njia ya kuwafikia watu kama hao ni kazi za pamoja: ibada, kamati ya wazazi shuleni, bustani ya mtaa, siku ya soko, kikundi cha Skauti cha watoto. Miongoni mwa askari wa Jeshi la Uingereza wamo raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, na Catterick hufunzwa pia Wagurka kutoka Nepal. Kwa hiyo sura ngeni mitaani si jambo jipya.

Watoto ndio huwa wa kwanza kuota mizizi. Hawakawii kujifunza hadithi ya kijana mpiga ngoma, ambaye inasimuliwa kuwa askari walimtuma aingie katika njia ya chini ya ardhi kutoka ngomeni, wao wakiifuata sauti ya ngoma yake juu. Njiani ngoma ikanyamaza, na kijana hakuonekana tena. Mtoto anayeweza kumsimulia mgeni hadithi hiyo na kumwonyesha jiwe la ukumbusho wake amekwisha kuwa mwenyeji.

Basi, je, inafaa kuhamia mji wa kale? Kwa familia yenye akiba ndogo na mtoto mchanga, nyumba mpya karibu na kambi, iliyo kavu na yenye joto, yaweza kuwa chaguo la busara, na uzuri wa mji utafurahiwa siku ya soko. Kwa familia iliyo na subira, iliyokagua vyema kabla ya kulipa na iliyokubali kutii sheria za mahali, mji wa kale humpa askari kitu ambacho miaka ya uhamisho ilimnyima, nacho ni anwani isiyobadilika. Haraka haraka haina baraka. Aliyehamishwa mara kumi kwa amri na aichague nyumba ya mwisho kwa hiari, baada ya kuketi na mkewe na kuhesabu pamoja.